Kuhudhuria na Kuonyeshwa: Neno juu ya Ngoma za Wagogo

Hapana shaka umepata kuziona ngoma za Wagogo. Ikiwa wewe ni mtu wa Tanga, au wa Mombasa, au wa Unguja, aghlabu umeziona sebuleni mwako, katika televisheni, siku ya sherehe ya taifa. Umeona wanawake wamebana ngoma kwa magoti, wanaume wamefunga njuga miguuni, na vumbi linapaa. Kisha, kabla hujajua wimbo umetoka wapi na unakwenda wapi, picha imekatwa, na mtu mwenye tai ameanza kusoma habari. Mtoto mmoja nyumbani amecheka. Mkubwa mmoja amesema, "Hao ndio Wagogo." Na kwa neno hilo hukumu imekwisha kutolewa, na shahidi hajasikilizwa.

Makala haya yanaihoji hukumu hiyo. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qurani, mzaliwa wa pwani, na sehemu kubwa ya kusomesha kwangu imekuwa huku Dodoma, katika uwanda wa kati. Katika miaka hiyo nimezisikiliza ngoma hizi uwanjani, kijijini, baada ya mavuno. Na nimezitazama kwenye kioo, cha nyumbani na kile kikubwa cha ukumbini, ambapo picha hutupwa juu ya kitambaa cheupe na watu hukaa gizani kama tulivyokuwa tukikaa zamani katika majumba ya sinema. Nimezipenda, na mwenye kupenda kitu hutaka kukipambanua. Basi nataka tupambanue mambo mawili ambayo siku hizi yamechanganywa: kuhudhuria na kuonyeshwa.

Naanza kwa kuondoa shaka moja. Ulamaa wamekhitalifiana juu ya ngoma na vinanda tangu zamani, na kila mmoja wetu anaye mwalimu anayemfuata. Makala haya hayatoi fatwa. Anayejizuia kwa uchaji wake, na aheshimiwe. Maneno yangu yanamhusu yule ambaye ameshatazama, ameshacheka, na ameshahukumu. Huyo hana budi kuulizwa ametazama nini.

Wala usidhani kwamba swali hili ni la Wagogo peke yao. Wazungu wana mchezo wao wauitao opera, nao ni kisa kinachoimbwa tangu mwanzo hadi mwisho mbele ya watu, pamoja na kundi kubwa la wapiga ala. Mchezo huo si mgeni katika nchi za Kiislamu. Khediwi Ismail wa Misri aliujengea jumba mjini Cairo, likafunguliwa mwaka 1869, na opera ya Verdi iitwayo Aida ilichezwa humo kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1871. Jumba hilo liliungua Oktoba 1971, na jipya likafunguliwa mwaka 1988. Huko Muscat, ambako wengi wenu mna jamaa, Sultan Qaboos alifungua jumba la opera mwaka 2011. Na tangu mwisho wa mwaka 2006 jumba la Metropolitan la New York limekuwa likipeleka michezo yake, saa ile ile inapochezwa, katika majumba ya sinema ya nchi nyingi. Mtu hukaa kwenye sinema ya mji wake, akaona na akasikia linalotendeka ng'ambo ya bahari. Je, mtu huyo amehudhuria? Wapenzi wa mchezo ule wamelijadili jambo hilo, na wenye akili miongoni mwao hawakujibu kwa neno moja.

Sisi wa pwani tulikutana na swali hilo mapema zaidi. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay na wenzake kuimba kwenye sahani za santuri. Sahani zile ziliingia katika nyumba ambazo yeye mwenyewe hakupata kuingia. Watu walifurahi nazo, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kusikia sahani ni jambo moja, na kukaa chumbani mwa Siti usiku, yeye akiimba na wewe ukiwa mmoja wa waliomwitikia, ni jambo jingine. Wazee wetu walilijua hilo bila ya kuandikiwa makala.

Sasa tutafute mizani. Imamu Ghazali, katika kitabu chake kikubwa cha Ihya, ana mlango mzima juu ya adabu za kusikiliza. Humo ananukuu kutoka kwa Junaid wa Baghdad kwamba kusikiliza kunahitaji mambo matatu, na yasipopatikana ni bora mtu asisikilize: zamani, yaani wakati wake; makani, yaani mahala pake; na ikhwani, yaani wenzi wanaofaa. Maneno hayo yalikusudiwa watu wa dhikri, nami sidai kwamba uwanja wa ngoma ni zawia. Naazima mizani tu, kama mtu anavyoweza kuazima pishi ya jirani kupimia mtama wake mwenyewe. Na kwa kuwa kioo, kikubwa au kidogo, hugusa mambo haya haya matatu, mizani hii inatufaa sana.

Kwanza tujue kinachopimwa. Ugogo ni nchi kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, toka Desemba hadi Aprili au karibu na hapo, kisha mbingu hufungwa. Mtu wa nchi hii hulima akitazama juu, na nyimbo zake nyingi zimefungamana na mwaka huo wa mvua na kiangazi: kulima, kuvuna, kuwaingiza vijana utuuzimani, kupumzika. Ziko ngoma za muheme, ambazo wapigaji wake ni wanawake, na asili yake ni shughuli za wasichana, ingawa leo hupigwa mbele ya kila mtu. Ziko nyimbo za nindo, zinazoimbwa na kundi, sauti juu ya sauti. Iko zeze, ambayo Wagogo huiita chizeze, inayosuguliwa kwa upinde mdogo. Na iko ilimba, sanduku la mbao lenye vijiti vingi vya chuma vinavyodonolewa kwa vidole. Juu ya sanduku hilo huwa na kitundu kilichofunikwa kwa utando wa buibui, na utando huo hutoa mvumo mwembamba unaoifuata kila sauti kama kivuli kinavyomfuata mtu.

Mtu aliyeifanya ilimba ijulikane duniani ni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1960, kisha akafanya kazi yake Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Akafariki Desemba 2003. Basi angalia: fundi mkubwa wa muziki wa uwanda wa kati aliishi na kufia mwambao, katika mji wenu, na bado wengi wenu mnadhani muziki wake ni jambo la mbali.

Tuje kwenye zamani. Ukihudhuria ngoma ya Kigogo kijijini, jambo la kwanza litakalokusumbua ni kwamba haianzi. Watu wapo, ngoma zipo, zinaoteshwa moto ngozi zikaze, mtu anajaribu, mwingine anacheka, wa tatu anaondoka kwenda kufunga mbuzi. Mgeni hudhani mambo yamevurugika. Kisha mwimbishaji mmoja anatoa neno, peke yake, kama anayejisemea. Watatu wanamjibu. Wimbo unazunguka mara moja, mara ya pili, mara ya kumi, na katika kila mzunguko sauti moja inaongezeka, mpaka unafika pahala ambapo huwezi kusema ni nani anaimba nini. Huko kuzunguka ndiyo kazi yenyewe. Neno la mara ya kwanza si neno la mara ya ishirini, ijapokuwa herufi zake ni zile zile, kama vile nia ya mtu anayerudia neno hukua katika kurudia.

Kioo hakina subira hiyo. Televisheni huchukua dakika moja ya katikati, wakati vumbi limepaa, kwa sababu hapo ndipo pana picha nzuri. Humwonyesha mtu kilele bila ya mlima. Nawe ukiona watu wanaruka kwa nguvu zote na hukuona walivyofika hapo, utasema ni wendawazimu, na kwa ulichoonyeshwa utakuwa na udhuru.

Nikumbushe kisa kilicho katika Bukhari, nacho mnakijua. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini mwa Mtume, sala na salamu zimshukie, na Bibi Aisha akawatazama nyuma ya bega lake. Wengi hukitaja kisa hiki kwa ajili ya hukumu ya mchezo. Mimi hapa nakitaja kwa ajili ya jambo jingine: Mtume alisimama naye, wala hakumkatiza, mpaka yeye Aisha mwenyewe akatosheka. Aliyeamua mwisho wa kutazama alikuwa mtazamaji. Hiyo ndiyo haki ambayo uwanja humpa mtu na ambayo kioo humnyang'anya. Na waliotazamwa walikuwa wageni, wenye lugha yao na mchezo wao, wala hawakuchekwa.

Tuje kwenye makani. Nilisema nyimbo za nindo ni sauti juu ya sauti. Uwanjani sauti hizo hazitoki upande mmoja. Huyu yupo kushotoni, wale wapo mbele, akina mama wapo nyuma ya ngoma zao, na wewe uliyesimama unachagua kwa sikio lako: unamfuata mwenye sauti ya juu, unamwacha, unashuka kwa mwenye sauti nzito. Mshindo wa muheme hauingii masikioni tu. Unapanda kutoka ardhini, kwenye nyayo. Hayo yote, yakipita katika kipaza sauti kimoja na kutoka katika kijisanduku kimoja, huwa kama viungo vya pilau vilivyosagwa pamoja: harufu ipo, lakini huwezi tena kuuokota mdalasini.

Na huo mvumo wa utando wa buibui nilioutaja? Nimepata kukaa katika ukumbi ambapo fundi wa mitambo, kijana hodari na mwenye nia njema, alihangaika muda mrefu kuuondoa akidhani ni kasoro ya chombo chake. Mpiga ilimba alimtazama asiseme kitu. Fundi alipofaulu, ilimba ikatoka safi kabisa, na ikawa imekufa.

Lakini katika makani jambo zito zaidi ni jicho. Uwanjani macho yako ni yako, nawe ndiwe utakayeulizwa juu yake. Kwenye kioo umeazimwa macho ya mwingine. Mpiga picha ameamua uone nini, na nasema kwa masikitiko kwamba wapiga picha wengi, wakifika kwenye muheme, huona viuno. Mwanamke aliyebana ngoma magotini anafanya kazi ngumu: mikono miwili inasema maneno mawili tofauti, sikio linamsikiliza mwenzake wa kulia, na kinywa kinaimba neno la tatu. Uso wake umekunjamana kama uso wa mtu anayesoma herufi ndogo. Hayo hayaonyeshwi. Kinachoonyeshwa ni kiuno, kimekatwa na mwenyewe, kimejaa kioo kizima. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ni kweli, lakini mkono wa mpiga picha una hiari, na pazia lilikuwa mkononi mwake. Kisha mtu wa pwani anayaona hayo, anasema, "Ngoma zao hazina haya," kumbe kisicho na haya ni ile picha.

Tuje kwenye ikhwani, nao kwangu ndio msingi. Katika ngoma ya Kigogo hadhirina si wageni waliokata tikiti wakakaa kimya. Mzee aliye karibu nawe anajua wimbo ule ulitungwa mwaka gani na kwa tukio gani. Mama fulani atapiga kigelegele mahala pake, na akikipiga si mahala pake utaona watu wanageuka. Ukikosea kuitikia, utasahihishwa. Na ukifurahi, utatoa. Nasi wa taarabu tunalijua hilo sana: mtu husimama, huenda mbele na tuzo yake mkononi, na wote wanaelewa ni neno gani la wimbo lililomsimamisha. Mcheza kwao hutunzwa. Tuzo ni jibu, na kioo hakipokei jibu. Unaweza kulia mbele yake, unaweza kumtukana mwimbaji mbele yake, naye ataendelea vile vile. Kwa hiyo mtu aliyezoea kioo huzoea pia kusema lolote juu ya watu, kwa kuwa hakupata kuona hata mara moja uso wa mtu ukibadilika kwa neno lake.

Mpaka hapa, msomaji, utaona nimekishitaki kioo tu. Mizani ina vitanga viwili, na dhulma kwa kioo nayo ni dhulma. Kioo kina haki tatu.

Haki ya kwanza ni vidole. Katika uwanja wenye watu, aliye mstari wa nne haoni ilimba inavyopigwa. Ukumbini, juu ya kitambaa kile cheupe, nimeviona vidole gumba vya mpigaji vikubwa kama milango, nikafahamu jambo ambalo masikio hayakunieleza: kwamba kidole cha kushoto hukimbia wakati cha kulia kinatembea. Mwalimu yeyote wa tajwidi anajua faida ya kuona midomo ya msomaji. Kioo kinaweza kumfundisha kijana kwa namna hiyo hiyo.

Haki ya pili ni tafsiri. Mtu asiyejua Kigogo, akisimama uwanjani usiku kucha, atatoka na sauti bila ya maana. Maneno yaliyoandikwa kwa Kiswahili chini ya picha yanaweza kumpa mtu wa Lamu kile ambacho mimi nilikipata kwa kuuliza wazee kwa miaka. Lakini angalia ni wangapi wanaojisumbua kutafsiri. Hadithi ya kigeni ya Kikorea au ya Kituruki hutiwa Kiswahili ifahamike mwanzo hadi mwisho. Wimbo wa Mgogo huachwa uwe kelele. Hapo lawama si ya kioo, ni ya wenye kukitumia.

Haki ya tatu ni ya wasioweza kufika, na ya waliokwisha kwenda. Yuko mgonjwa, yuko bibi ambaye miguu haimchukui, yuko mtu aliye Muscat na nauli hana. Na yuko Zawose, ambaye hapana tena wa kumhudhuria hapa duniani. Sauti yake imebaki katika sahani, baadhi yake zilizotolewa Uingereza na kampuni ya Real World katika miaka ya 1990. Kampuni hiyo hiyo mwaka 2024 ilitoa sahani iitwayo Maisha, ya binti yake Pendo na mjukuu wake Leah. Wanawake hao wawili wanaongoza nyimbo katika nyumba ambayo kwa desturi wanawake walikuwa waitikiaji nyuma ya wanaume. Asiyeifikia Bagamoyo na aisikie sahani hiyo, wala hapana wa kumlaumu.

Tena iko sinema ya 2011 iitwayo Africa: The Beat, iliyopigwa katika kijiji cha Nzali, huku huku Ugogo, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni Polo Vallejo, Mhispania aliyeutafiti muziki wa Wagogo kwa miaka mingi. Naisifu kwa jambo moja kubwa: inauweka muziki ndani ya maisha ya watu, haiung'oi ukawa maonyesho. Anayeitazama atafahamu kwamba watu hawa huimba kwa sababu wanaishi. Hata hivyo ni sinema isiyofika saa moja na nusu, na mwaka wa Ugogo una miezi kumi na miwili. Iitwe barua njema kutoka Nzali. Barua humfanya msomaji atamani kumwona aliyeiandika; ikimfanya adhani amekwisha kumwona, imempoteza.

Na hapa niseme neno kwa upande wa pili, kwa sababu kuhudhuria nako kuna aibu zake. Tangu mwaka 2009 huwapo tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino, mashariki ya mji wa Dodoma, na makundi ya vijiji vingi hukutana. Ni jambo la kushukuriwa: vijana wa kijiji kimoja husikia vya kijiji kingine, na mzee aliyedhani wimbo wake utakufa naye huona mtoto anauimba. Lakini katika mikusanyiko mingi ya namna hii, popote nchini, nimeona mambo yanayoufanya uwanja uwe kioo. Vipaza sauti vikubwa vinawekwa mahala ambapo ngoma yenyewe ilitosha. Kundi lililosafiri siku nzima linapewa dakika chache, na hotuba za wakubwa zinapewa saa. Na wale hadhirina! Utawaona mia wamesimama, na mia wameinua simu, kila mmoja anatazama kijidirisha kilicho mkononi mwake hali kitu chenyewe kipo mbele yake hatua kumi. Huyo amepanda gari, amelipa nauli, amefika, na hakuhudhuria. Amekuja kujionyesha mwenyewe picha.

Basi tofauti niliyoitafuta si ya uwanja na kioo tu. Ni ya mtu aliyejitoa na mtu aliyejificha. Kuhudhuria ni kukubali kuonekana na yule unayemwona. Kuonyeshwa ni kuona bila ya kuonekana. Na anayeona bila ya kuonekana huingiwa upesi na kiburi.

Kiburi hicho, ndugu zangu wa pwani, ni cha zamani kuliko televisheni. Misafara yetu ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na kuikata Ugogo kuelekea Tabora. Wagogo walikuwa na visima na chakula, na watemi wao wakatoza hongo kwa vitambaa na shanga. Wafanyabiashara wetu waliondoka wakinung'unika juu ya hongo, na wakaliita bara lote ushenzi. Walikunywa maji ya Wagogo wasiujue wimbo hata mmoja. Kisha ikaja njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, mwishoni mwa Vita Vikuu vya Kwanza, pale ukame ulipokutana na majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza, yaliyochukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Watu wakafa, wengine wakatawanyika kutafuta chakula. Kutokana na shida kama hizo likazaliwa jina baya ambalo hata leo mtu humtupia Mgogo mjini, kwamba ni mwombaji wa njiani. Lau angalihudhuria mara moja tu, angaliona watu ambao ardhi yao imewanyima mengi, nao wakajenga kwa vinywa vyao jumba la sauti ambalo mafundi wa Ulaya wamevuka bahari kuja kulisikiliza. Suratul Hujurat imetukataza watu kuwadharau watu wengine, huenda hao wakawa bora. Sikuona katika aya hiyo ruhusa ya kudharau kupitia televisheni.

Sasa nini kifanywe? Siwezi kumwambia kila mtu apande gari. Ingawa njia imekuwa fupi: reli ya zamani ilifika Dodoma mwaka 1910, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chini ya nne, safari ambayo misafara iliifanya kwa wiki nyingi. Anayeweza, na aje kiangazi, baada ya mavuno. Aje na subira, aache simu mfukoni, na akae karibu na mzee.

Asiyeweza, na atumie kioo kwa adabu ya mizani ile ile. Kwa upande wa zamani, asihukumu kipande. Atafute wimbo ulioonyeshwa wote, hata ukiwa mrefu, na auvumilie mpaka umgeuke. Kwa upande wa makani, ajue kwamba macho anayotumia ni ya kuazima. Akionyeshwa kiuno, ajiulize uso uko wapi. Kwa upande wa ikhwani, asitazame peke yake. Akusanye watoto wake, na kama mtaani yupo Mgogo, naye yupo, maana hapana mji wa pwani usio na mtu wa bara, amwalike aeleze maneno. Siku hiyo sebule itakaribia kuwa uwanja, kwa sababu atakuwepo mtu ambaye uso wake unaweza kubadilika mtoto akicheka.

Na wenye kupiga picha, nao wana sehemu yao. Waonyeshe wimbo toka mwanzo. Watafsiri maneno. Waandike jina la mwimbaji na la kijiji chake, kama wanavyoandika jina la mwanasiasa. Wauache utando wa buibui uvume.

Ndugu msomaji, mtoto wako akicheka tena mbele ya kioo, usimkemee kwanza. Muulize: wimbo huo unasema nini? Akijibu hajui, mwambie kwamba wewe pia hujui, na kwamba wasiojua hawajapata bado haki ya kucheka. Kisha mtafuteni pamoja anayejua.

Wabillahi tawfiq.